Bomba na Mapatano: Historia ya Kupitishana Data kati ya Programu, 1964–2016

Programu mbili zinazofanya kazi katika kompyuta moja kwa kawaida haziwezi kusomeana kumbukumbu, kwa sababu mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia kompyuta nzima, huipa kila moja eneo lake na kuizuia isiingie katika eneo la nyingine. Kinga hiyo ndiyo inayofanya kosa la programu moja lisiiangushe programu nyingine, lakini ndiyo pia iliyozaa swali ambalo wahandisi wamelijibu kwa njia nyingi tangu miaka ya 1960: programu moja iikabidhi vipi nyingine data zenye muundo, kwa mfano ankara yenye namba, jina la mteja na kiasi cha fedha, bila data hizo kupotea au kubadilika maana njiani? Mojawapo ya majibu yaliyodumu ni bomba, njia ya ndani ya mfumo endeshi ambayo programu moja huandika upande mmoja na nyingine husoma upande wa pili. Nalo bomba likipewa jina na kuonekana miongoni mwa faili, programu yoyote yenye ruhusa huweza kulifungua. Njia yenyewe ilikamilika mapema. Mapatano kuhusu umbo la kinachopita ndani yake ndiyo yaliyochukua miongo kadhaa, na kila zama katika historia hii iliyaweka mahali tofauti.

Wazo kabla ya chombo, 1964–1972

Katika kompyuta kubwa za miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, programu zilikabidhiana kazi kwa kadi zilizotobolewa na kwa tepu za sumaku. Programu ya kwanza iliandika matokeo yake yote, ikamaliza, ndipo ya pili ikapakiwa na kuanza kuyasoma. Utaratibu huo ulikuwa na gharama mbili: matokeo ya kati yalihitaji kuhifadhiwa mahali hata kama hakuna aliyeyataka baada ya hapo, na hatua ya pili haikuweza kuanza kabla ya ya kwanza kwisha.

Tarehe 11 Oktoba 1964, Doug McIlroy, mtafiti wa Bell Labs katika mji wa Murray Hill, jimbo la New Jersey nchini Marekani, aliandika waraka mfupi wa ndani ambamo alipendekeza kwamba programu ziunganishwe kama mipira ya kumwagilia bustani, ambapo kipande kingine hufungwa pale data zinapohitaji kushughulikiwa kwa namna nyingine. Wazo hilo halikupata mahali pa kutekelezwa mara moja, kwa kuwa mifumo mingi ya wakati huo haikuruhusu programu kadhaa za mtumiaji mmoja kuendelea sambamba kwa wepesi. Katika Chuo cha Dartmouth, mfumo wa kugawana muda wa kompyuta ulikuwa na faili za mawasiliano zilizofanya kazi iliyokaribia sana ile ya mabomba, ingawa uwezo wake haukutumiwa kikamilifu.

Bell Labs nayo ilikuwa imejiunga na chuo cha MIT na kampuni ya General Electric kujenga mfumo mkubwa ulioitwa Multics, lakini ilijitoa mwaka 1969 baada ya mradi kuchelewa na kugharimu kuliko ilivyotarajiwa. Kujitoa huko kuliwaacha Ken Thompson na Dennis Ritchie bila mfumo waliouzoea, nao wakaanza mwaka huohuo kutengeneza mfumo mdogo wa kwao, Unix, kwanza katika kompyuta ya PDP-7 na baadaye katika PDP-11. McIlroy, ambaye tangu 1965 alikuwa mkuu wa idara yao, alirudia pendekezo lake mara kwa mara katika miaka iliyofuata, akibuni namna mbalimbali za kuandika amri ambayo ingeunganisha programu mbili.

Bomba lisilo na jina, 1973

Thompson alikubali hatimaye, na kwa masimulizi ya McIlroy mwenyewe alifanya kazi hiyo kwa usiku mmoja. Mwongozo wa Toleo la Tatu la Unix, wenye tarehe ya Februari 1973, ndio wa kwanza kulieleza bomba. Utekelezaji wake ulitumia vitu vilivyokuwapo tayari: programu iliomba bomba, nayo ikapewa namba mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuandikia, zilizotumika sawasawa na namba za faili za kawaida. Data zilikaa kwa muda katika akiba ambayo katika matoleo ya mwanzo ilikuwa na ukomo wa baiti 4,096, baiti ikiwa kipimo cha data kinachotosha herufi moja ya Kiingereza. Mwandishi alipoijaza akiba hiyo alisimamishwa hadi msomaji aipunguze, naye msomaji alipoikuta tupu alisubiri hadi kitu kiandikwe. Kwa hiyo programu mbili zenye kasi tofauti zilikwenda pamoja bila yoyote kati yake kujua mwendo wa mwenzake.

Alama ya kuunganisha ilikuwa na tatizo la muda mfupi. Mwanzoni bomba liliandikwa kwa mshale uleule uliotumika kuelekeza matokeo kwenye faili, jambo lililofanya amri ndefu zisomeke kwa shida, na katika Toleo la Nne, lililotoka mwaka huohuo wa 1973, Thompson alileta mstari wa wima ambao umebaki hadi leo.

Matokeo makubwa zaidi yalionekana katika programu zenyewe. Kabla ya bomba, programu ya kupanga mistari kwa alfabeti ilihitaji kutajiwa faili ya kusoma; baada ya bomba, ilirekebishwa isome chochote kinachoingia endapo hakuna faili iliyotajwa, na nyingine nyingi zikafanyiwa hivyohivyo. Ndipo ukazaliwa mtindo wa kuandika programu ndogo zinazofanya jambo moja na kuachia nyingine hatua inayofuata.

Mapatano ya mstari, 1973–1979

Uamuzi mmoja wa wakati huo ulikuwa na athari za muda mrefu kuliko mengine: bomba halikujua lolote kuhusu maana ya kinachopita. Lilibeba mfuatano wa baiti usio na mipaka, kiasi kwamba mwandishi akiandika mara tatu, msomaji angeweza kuzipokea baiti zote kwa usomaji mmoja au kwa usomaji kumi. Muundo ulibaki jukumu la programu.

Jibu la Unix kwa pengo hilo lilikuwa mapatano ambayo hayakulazimishwa na mtu: data ziwe maandishi, kila rekodi ikae katika mstari wake, na sehemu za rekodi zitenganishwe kwa alama inayojulikana. Faili ya orodha ya watumiaji wa Unix ilitumia nukta mbili kutenganisha jina, namba ya mtumiaji na mengineyo, huku programu nyingine zikitumia nafasi au alama ya tabo. Lugha ya awk, iliyoandikwa mwaka 1977 na Alfred Aho, Peter Weinberger na Brian Kernighan, ilijengwa juu ya mapatano hayo, kwani husoma mstari mmojammoja na kuugawa katika sehemu zenye namba.

Mapatano ya mstari yalikuwa rahisi, na mtu aliweza kuyakagua kwa macho. Udhaifu wake ulijitokeza pale data zilipokuwa na alama iliyotengwa kuwa kitenganishi, kama jina lenye nukta mbili ndani yake, au pale rekodi moja ilipobeba nyingine ndani yake, kama ankara yenye orodha ya bidhaa. Kila mwandishi wa programu alibuni njia yake ya kukwepa matatizo hayo, na njia hizo hazikulingana.

Bomba lapewa jina, 1977–1988

Bomba la 1973 lilikuwa na mpaka mwingine, nao ulihusu nani anaweza kulitumia. Kwa kuwa lilijulikana kwa namba tu, na namba hizo zilirithiwa na michakato iliyozaliwa na mchakato uliolifungua, mchakato ukiwa ni programu iliyo kazini, ni michakato yenye asili moja tu iliyoweza kukutana ndani yake. Programu mbili zilizoanzishwa kwa nyakati tofauti au na watumiaji tofauti hazikuwa na namna ya kulipata bomba moja.

Mwaka 1977 watafiti wa Shirika la Rand huko Santa Monica, California, walitoa ripoti kuhusu nyongeza ya Unix waliyoiita milango, ambayo kwa hakika ilikuwa mabomba yenye majina. Kampuni ya AT&T, iliyomiliki Bell Labs, ilifikia suluhisho lake katika toleo lililoitwa System III, lililotolewa kwa wateja wa nje mwaka 1982. Humo bomba lilipewa jina katika saraka kama faili nyingine yoyote, likawa na mmiliki na ruhusa za kusoma na kuandika, ila yaliyomo hayakuhifadhiwa kwenye diski kama ya faili ya kawaida: kilichoandikwa kilipita kwa mpangilio wa wa kwanza kuingia kuwa wa kwanza kutoka, na kikishasomwa kimekwisha.

Jina hilo lilibadilisha uhusiano wa programu. Programu ya huduma iliweza kuanzishwa asubuhi na kulifungua bomba lake, nazo programu za wateja zikaja na kuondoka siku nzima, kila moja ikiandika ombi lake mahali palepale. Lakini uhuru huo ulileta masharti mapya. Kwa kawaida programu inayolifungua bomba upande mmoja husimamishwa hadi nyingine ilifungue upande wa pili. Tena data hupita upande mmoja tu, hivyo mazungumzo ya swali na jibu yanahitaji mabomba mawili, na programu mbili zikiyafungua kwa mpangilio usiolingana, kila moja humsubiri mwenzake bila mwisho.

Zaidi ya hayo, waandishi wawili wakiandika kwa wakati mmoja, baiti zao zingeweza kuchanganyika. Kiwango cha POSIX, kilichotolewa mwaka 1988 ili matawi mengi ya Unix yafanane, kiliingiza amri moja rasmi ya kuunda bomba lenye jina na kikaweka dhamana kwamba maandishi yasiyozidi kipimo maalumu hayatachanganyika na ya mwingine. Kipimo hicho hakiruhusiwi kuwa chini ya baiti 512, na katika Linux ni 4,096. Kwa mara ya kwanza mfumo ulitambua, japo kwa kiasi, kwamba kuna kitu kinachoitwa ujumbe mzima.

Wakati huohuo Chuo Kikuu cha California huko Berkeley kilifuata njia tofauti. Toleo lake la 4.2BSD la mwaka 1983 lilileta soketi, njia ya mawasiliano inayopeleka data pande zote mbili na inayofanya kazi ndani ya kompyuta moja au kupitia mtandao, na hata bomba la zamani likatengenezwa upya kwa soketi mbili zilizounganishwa. Tangu hapo bomba lenye jina lilikuwa na mshindani, na lilibaki kutumika hasa pale ambapo urahisi ulitangulizwa.

Umbo la namba, 1980–1987

Waandishi wa programu waliotaka kasi kuliko maandishi walituma rekodi jinsi zilivyokaa katika kumbukumbu: programu ya kwanza ilichukua eneo lote la ankara na kuliandika ndani ya bomba, ya pili ikasoma idadi ileile ya baiti. Njia hiyo ilifanya kazi pale tu programu zote mbili zilipokubaliana kuhusu kila baiti, na sababu za kutokubaliana zilikuwa nyingi. Kompyuta nyingine huweka baiti ndogo ya namba kwanza na nyingine huanza na kubwa, kiasi kwamba namba 1 iliyowekwa katika baiti nne, ikisomwa kinyume, huwa 16,777,216. Danny Cohen alieleza mgogoro huo katika makala yake ya Aprili 1980, akihimiza kwamba kukubaliana ni muhimu kuliko upande utakaochaguliwa.

Ndani ya kompyuta moja mpangilio wa baiti haukuwa tatizo, lakini mengine yalibaki. Kikusanyi, yaani programu inayogeuza maandishi ya msimbo kuwa amri za mashine, mara nyingi huacha nafasi tupu kati ya sehemu za rekodi, hivyo rekodi yenye sehemu ya baiti moja ikifuatiwa na namba ya baiti nne huweza kuchukua baiti nane badala ya tano. Vilevile rekodi nyingi hubeba anwani za kumbukumbu, na anwani hiyo, ikishafika katika mchakato mwingine, haielekezi kitu chochote cha maana.

Ndiyo sababu zikazaliwa kanuni za kuandika data kwa umbo lisilotegemea kompyuta. Kampuni ya Sun Microsystems ilichapisha Juni 1987 kanuni iitwayo XDR, iliyoamua kwamba kila kitu kiandikwe kwa mafungu ya baiti nne, baiti kubwa ikitangulia. Gharama yake ilikuwa kwamba hata kompyuta mbili zinazofanana, zenye mpangilio kinyume na huo, zililazimika kugeuza namba wakati wa kutuma na kuzigeuza tena wakati wa kupokea. Faida yake ni kwamba mapatano sasa yalikuwa yameandikwa, na mtu yeyote aliweza kuyasoma.

Njia ya Microsoft, 1987–1993

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Microsoft na IBM zilipokuwa zikitengeneza mfumo wa OS/2, mabomba yenye majina yaliingizwa humo pamoja na programu ya mtandao wa ofisi iliyoitwa LAN Manager. Windows NT, iliyoongozwa na mhandisi Dave Cutler na kutolewa Julai 1993, iliyarithi na kuyaendeleza. Ingawa jina lilikuwa lilelile la Unix, chombo kilikuwa tofauti kwa mambo manne. Bomba la Windows huweza kupeleka data pande zote mbili. Huweza kuwa na nakala kadhaa chini ya jina moja, ili kila mteja azungumze peke yake na seva. Hufikiwa hata kutoka kompyuta nyingine ya mtandao. Na likiundwa kwa hali ya ujumbe, hutunza mipaka, kwa maana kwamba kilichoandikwa mara moja husomwa kama ujumbe mmoja.

Jambo hilo la nne lilikuwa badiliko la msimamo, kwa sababu sehemu ya mapatano ambayo Unix iliwaachia waandishi wa programu sasa ilibebwa na mfumo endeshi. Hata hivyo Windows iliweka mpaka wa ujumbe tu, haikueleza kilichomo ndani, na kazi hiyo ikafanywa na tabaka la juu la kuita taratibu za mbali, ambalo lilipanga namba na majina kwa kanuni zake na kuzipitisha ndani ya mabomba hayohayo. Kwa miaka mingi SQL Server, mfumo wa hifadhidata wa Microsoft, uliwapokea wateja wake kwa njia hiyo.

Kufikiwa kutoka mbali kulikuwa na upande wake wa hatari, kwani bomba ambalo mwandishi alilikusudia kwa matumizi ya ndani ya kompyuta liliweza kufunguliwa na mtu wa nje pale ruhusa zilipowekwa kwa uzembe. Kuanzia Windows Vista, mwandishi aliweza kuagiza wazi kwamba wateja wa mbali wakataliwe.

Lugha za muundo na kurudi kwa mstari, 1998–2016

Kukua kwa intaneti kulihamisha tena mapatano, safari hii yakaingia ndani ya data zenyewe. XML, iliyopitishwa Februari 1998, ilizungushia kila sehemu ya data jina lake, na kuruhusu rekodi moja ibebe nyingine bila utata. JSON, iliyoanza kuelezwa na Douglas Crockford mwaka 2001 na kuandikwa kama waraka rasmi wa viwango vya intaneti mwaka 2006, nayo ilifanya kazi hiyohiyo kwa alama chache zaidi. Kwa mabomba, JSON ilikuwa na sifa moja yenye manufaa makubwa: mwisho wa mstari ulio ndani ya maneno hulazimika kuandikwa kwa alama mbadala, hivyo ujumbe mzima unaweza kukaa katika mstari mmoja. Mapatano ya 1973 yakapata uhai mpya, mstari mmoja ukiwa rekodi moja, ila sasa rekodi yenye tabaka nyingi.

Waliohitaji kasi walirudi kwenye baiti ghafi zenye kanuni. Google ilitangaza hadharani mwaka 2008 Protocol Buffers, ambamo muundo huandikwa kwanza katika faili ya maelezo na kila sehemu hupewa namba yake, ili programu ya zamani iweze kuruka sehemu isiyoijua badala ya kuvunjika. Ujumbe wa aina hiyo hauonyeshi mwisho wake, kwa hiyo anayetuma kadhaa ndani ya bomba moja analazimika kutanguliza urefu wa kila mmoja, naye msomaji husoma urefu huo kwanza, kisha huendelea kusoma mpaka baiti zote zitimie.

Microsoft ilijaribu njia nyingine Novemba 2006 ilipotoa PowerShell, iliyobuniwa na Jeffrey Snover, ambamo amri hupitishiana obijekti, yaani data pamoja na majina na aina za sehemu zake, badala ya maandishi. Ndani ya mchakato mmoja njia hiyo iliondoa kazi ya kuchambua mistari. Obijekti hizo zilipohitaji kuvuka kwenda mchakato mwingine, hata hivyo, zilibidi zigeuzwe kuwa XML, na baadhi ya uwezo wake ukaachwa nyuma, kwa sababu ukuta kati ya michakato bado hupitisha baiti tu.

Njia yenyewe iliendelea kupanuliwa kimyakimya. Linux iliongeza akiba ya bomba kutoka baiti 4,096 hadi 65,536 mwaka 2005, na kuanzia 2010 programu ziliweza kuomba kiasi kingine. Mwaka 2016 Microsoft na washirika wake walitangaza itifaki inayounganisha vihariri vya msimbo na programu zinazozielewa lugha za programu. Itifaki hiyo huweza kupita katika mabomba yenye majina miongoni mwa njia nyingine, na kila ujumbe wake wa JSON hutanguliwa na mstari unaotaja urefu wake kwa baiti. Vifaa vya zama zote vilikutana humo: bomba la miaka ya 1970 na 1980, urefu unaotangulia, na muundo ulio ndani ya data.

Hukumu ya historia

Mwenendo wa miaka hiyo hamsini unaonyesha kwamba bomba lilidumu kwa sababu halikudai chochote kuhusu kilichopita ndani yake, na kwa kutodai huko liliweza kubeba kanuni ambazo hazikuwa zimebuniwa lilipoundwa. Bei ya uhuru huo hulipwa na kila mwandishi wa programu. Anayefungua bomba lenye jina leo anapaswa kuwa ameamua, kabla ya kuandika baiti ya kwanza, ujumbe unaanzia na kuishia wapi, namba zinaandikwa kwa mpangilio gani, toleo la muundo linatambulishwaje, nani ana ruhusa ya kulifungua, na programu ifanye nini upande wa pili unapofungwa ghafla. Mapatano hayo yaandikwe mahali ambapo waandishi wa programu zote mbili watayasoma, kwa kuwa mfumo endeshi hautawaandikia.